Tuanze na mbwa jike

Usukumani hakuna wa kufundishwa faida ya kuhasi. Kijana anayechunga ng'ombe pembezoni mwa Kahama anajua kwamba dume asiyehasiwa hatulii kwenye jembe, anavunja zizi, anafuata majike ya jirani na kuanzisha ugomvi utakaoishia kwa mtendaji wa kijiji. Ndama dume akifikia umri wake anaangushwa chini, koleo la kuhasi linabana mishipa juu ya mapumbu kwa sekunde kadhaa, basi. Baada ya misimu miwili ni maksai anayevuta jembe kwenye majaruba ya mpunga, na siku ya mnada ndiye anayeulizwa bei kwanza. Hakuna anayesema mnyama ameonewa. Hakuna anayesema amepunguziwa heshima.

Sasa mhamishe mwenye maksai huyo kwenye habari ya mbwa wake jike, yule mwekundu anayelala chini ya kihenge, mwenye matiti yaliyolegea kwa kunyonyesha mwaka hadi mwaka. Hapo mambo hubadilika. "Daktari, mbwa ukimtoa kizazi si atabaki mzigo tu? Atalinda nini?" Nimeulizwa hivyo na watu wenye ng'ombe wengi kuliko ninavyoweza kuwahesabu zizini, watu ambao kuhasi kwao ni kazi ya asubuhi moja. Ukiwauliza vitoto vya uzao uliopita viko wapi, wanaangalia pembeni. Wawili wa kiume waligawiwa. Wengine "walipotea". Kupotea, kwa lugha ya huku, maana yake ni kiroba kilichobebwa jioni hadi kando ya barabara au kwenye jalala la soko.

Hoja yangu ni nyembamba, na naomba isichanganywe na hoja nyingine zinazofanana nayo. Sisemi kwamba kuhasi kutamaliza kichaa cha mbwa, wala kwamba mbwa wa Kahama wataisha mitaani mwakani. Ninasema kwamba katika ukanda wa dhahabu, ambako watu huhama kwa kasi kuliko mahali pengi nchini, mbwa jike aliyetolewa kizazi ndiye anayefanya mambo mengine yote tunayoyagharamia, kuanzia chanjo, yadumu. Tumekuwa tukianza na madume kwa sababu ni rahisi na nafuu, na hapo ndipo fedha zinapotelea.

Utazameni mgodi wa Buzwagi, hapa Kahama. Mgodi ulianza kuzalisha dhahabu mwaka 2009 na ukasimama mwaka 2021. Katikati ya miaka hiyo watu walimiminika: mafundi mitambo, walinzi, madereva, mama lishe, wenye nyumba za kupanga, vijana waliokuja kutafuta kibarua wakaishia kuuza vocha. Kila aliyejenga alitaka mbwa wa kulinda tofali na saruji, na kila banda la chakula lilivuta mbwa wake. Shimo lilipofungwa, eneo likageuzwa kuwa ukanda maalumu wa kiuchumi, mikataba ikaisha na mabegi yakafungwa. Mbwa hapandi basi. Mpangaji anayehamia Geita au Chunya anamwambia jirani "mtupie hata ukoko," na jirani anatupa ukoko kwa mwezi mmoja, kisha naye anahama.

Machimbo madogo yana mwendo wa haraka zaidi. Kakola jirani na Bulyanhulu, Nyarugusu na Rwamgasa kule Geita, popote penye maduara ya kuchimba na makarasha ya kusaga mawe, uvumi wa rashi mpya ukivuma turubai zinakunjwa usiku na asubuhi kambi nzima imebaki majivu, chupa na mbwa. Mbwa hao hawakai pale. Wanafuata harufu ya chakula hadi senta ya karibu, wanakutana na majike wa pale, na baada ya miezi miwili na siku chache una kizazi kipya ambacho hakuna mtu anayekijua jina. Ongeza barabara kuu inayopitisha malori ya Rwanda na Burundi, ambayo kila alfajiri huacha mizoga miwili mitatu kwenye lami, na bandari kavu ya Isaka yenye madereva wanaolisha mbwa mabaki ya chipsi kuku huku wakisubiri mizigo. Hapa hakuna idadi ya mbwa iliyotulia, na mtu anayepanga kana kwamba ipo anajidanganya.

Hata hivyo, neno tunalolipenda sana, mbwa koko, linatupotosha katika jambo moja kubwa. Tunapomwona mbwa anazurura tunadhani hana mwenyewe. Utafiti uliofanyika mjini Iringa na kuchapishwa mwaka 2012 ulikuta karibu mbwa wote wana kaya inayowatambua kuwa ni wao. Kazi nyingi zilizofanyika vijijini kandokando ya Serengeti zinasema hivyo hivyo. Mbwa wetu wana wenyewe, hawana uzio. Wanafunguliwa jioni, wanatafuta, wanarudi. Hata wale walioachwa na wahamaji, wengi huokotwa na kaya nyingine ndani ya wiki chache, maana mbwa mzima asiye mkali kwa watoto ni mali. Maana yake ni kwamba njia ya kumfikia mbwa ni kubisha hodi kwa mwenyewe, wala si kutuma gari la kukamata.

Wala bunduki. Kwa miaka mingi jibu la halmashauri nyingi nchini pale malalamiko yanapozidi limekuwa kupiga risasi au kutupa nyama yenye sumu. Ninaelewa shinikizo lililopo: mtoto ameng'atwa, diwani anapigiwa simu, lazima kitu kionekane kimefanyika. Lakini tunayo mifano ya nini hufuata. Kisiwa cha Flores, Indonesia, kiliingiliwa na kichaa cha mbwa mwaka 1997. Serikali iliua karibu nusu ya mbwa wote wa kisiwa kile katika miaka michache. Ugonjwa ulibaki. Kisiwani Bali nako walianza kwa kuua baada ya ugonjwa kuingia mwaka 2008, wakaja kugeukia chanjo ya kisiwa kizima ndipo hali ikabadilika. Sababu si za kimiujiza. Ukimuua mbwa wa mtu, ndani ya mwezi ataleta mwingine, mara nyingi kitoto kutoka kijiji cha mbali ambacho hakijaona sindano. Ukitupa sumu unaua kwanza aliyezoea watu, yaani yule yule uliyemchanja mwaka jana. Na siku utakayotangaza chanjo, watu watawaficha mbwa wao, wakidhani gari ni lile lile.

Kwa upande wa kichaa cha mbwa, lazima niwe mkweli hata kama ukweli huu unapunguza uzito wa mada yangu. Kinachoondoa kichaa ni chanjo. Wilaya ya Serengeti ilifanya kampeni za kuchanja mbwa kuanzia mwaka 1996. Ugonjwa kwa mbwa ulishuka kwa asilimia 70 baada ya kampeni ya kwanza na asilimia 97 baada ya ya pili, na hakuna mbwa aliyehasiwa kwa ajili hiyo. Pemba iliufuta ugonjwa kwa chanjo, ukarudi mwaka 2016, wakachanja tena wakaufuta tena. Nchi nyingi za Amerika ya Kusini zimefanya hivyo hivyo kwa miongo. Halmashauri yenye fedha za jambo moja tu inunue chanjo, na mtaalamu wa upasuaji arudi nyumbani. Duniani kichaa kinakadiriwa kuua watu 59,000 kwa mwaka, Tanzania pekee makadirio hufika 1,500, na sehemu kubwa ni watoto. Hapo hakuna mjadala.

Mjadala unaanza mwaka wa pili. Chukua mtaa wenye mbwa 100, na tuseme kazi imefanyika vizuri: 70 wamechanjwa, kile kiwango ambacho wataalamu wa dunia wanakitaja kuwa kinatosha kuukatia virusi njia. Katika mwaka mmoja tuseme mbwa 35 wanakufa au wanahama, kwa lori, kwa minyoo, kwa kuhara damu, kwa mwenyewe kuhama, na vitoto 35 vinashika nafasi zao. Kama vifo havikuchagua, waliochanjwa wamebaki 45 au 46. Hakuna aliyekosea, hakuna chanjo iliyoharibika. Kizazi kimegeuka tu. Kwenye kijiji kilichotulia unaweza kuvumilia hadi kampeni ijayo. Kwenye senta ya machimbo, ambako mgeuko huo unaweza kutokea kabla mwaka haujaisha, unachanja mto unaotiririka. Na walioingia ni vitoto, ambao wenye mbwa huwaacha nyumbani siku ya chanjo wakidhani ni wadogo mno kwa sindano, ingawa utafiti umeonyesha kitoto hata chini ya miezi mitatu kinajenga kinga. Vitoto hivyo ndivyo ambavyo watoto wetu wanavibeba kifuani.

Ndiyo maana nasema jike. Dume mmoja asiyehasiwa anatosha majike wote wa mtaa. Ukihasi madume tisa kati ya kumi, huyo wa kumi atafanya kazi ya wote kwa furaha, na uzao hautapungua hata mmoja. Ukitoa kizazi majike tisa kati ya kumi, umeondoa uzao tisa. Hesabu hii haihitaji shahada, lakini nenda kwenye kambi nyingi za kuhasi utakuta orodha imejaa madume, kwa sababu dume anachukua muda mfupi, uzi kidogo na dawa ya usingizi nusu, na mwisho wa siku namba inapendeza kwenye ripoti. Jaipur, India, walifanya kinyume. Kuanzia mwaka 1994 hadi 2002 walikamata mbwa wa mitaani, wakawachanja, wakatoa kizazi, mkazo ukiwa kwa majike, hadi takribani asilimia 65 ya majike wakawa wamefanyiwa. Idadi ya mbwa ilishuka kwa asilimia 28 katika kipindi hicho, na vifo vya watu kwa kichaa katika eneo la mradi vikafika sifuri huku kwingine mjini vikiendelea. Ilichukua miaka minane. Mtu anayekuahidi matokeo kwa msimu mmoja anakuuzia kitu.

Afrika Mashariki ina jambo moja la ziada. Ukihesabu mbwa wakubwa kwenye kaya zetu, madume wanazidi majike, na kwa tofauti inayoonekana. Wanazaliwa sawa kwa sawa. Jike ndiye anayetupwa. Mwenye nyumba hataki jike kwa sababu moja tu: mara mbili kwa mwaka, kwa wiki tatu hivi, uwanja wake unageuka kijiwe cha madume wa mtaa mzima, wanapigana usiku, wanabomoa banda la kuku, kisha inafuata mimba ya siku 63 na vitoto vinne hadi sita vya kutafutia pa kwenda. Mtolee jike kizazi na sababu hiyo imekufa. Anabaki mlinzi asiyeleta wageni. Katika faida zote za upasuaji huu hii ndiyo ninayoiona kubwa zaidi kwa mazingira yetu, na ndiyo isiyotajwa kwenye vipeperushi vilivyoandikwa kwa ajili ya nchi zenye mbwa wa sebuleni. Vipeperushi hivyo hupenda kusema jike mmoja na kizazi chake huzaa makumi ya maelfu ya mbwa kwa miaka sita. Kwetu haijawahi kuwa kweli. Vitoto vingi vya Kahama havifiki mwaka. Upasuaji huu unazuia vifo vya vitoto, na hilo ni zito kuliko hadithi ya makumi ya maelfu.

Kwa mwenye mbwa mmoja anayempenda, hesabu ya mtaa haimhusu sana. Anauliza mbwa wake atapata nini. Jike asiyetolewa kizazi ana hatari ya usaha kujaa kwenye mfuko wa uzazi, kwa kawaida wiki nne hadi nane baada ya joto, yaani kipindi chake cha kutaka dume. Takwimu za bima za mbwa nchini Sweden zilionyesha kwamba kabla ya kufika miaka kumi, takribani mmoja kati ya majike wanne au watano hupatwa nayo. Dalili yake kubwa huku hutafsiriwa vibaya. Mbwa anakunywa maji kupita kiasi, anakojoa ovyo, hali, tumbo linajaa. Mwenyewe anasema "ana mimba huyu," anamwongezea uji, na siku ya nne ananiita. Wakati mwingine nakuta mfuko wa uzazi mnene kama mkono wa mtu mzima, ukining'inia uzito wake kwenye vidole vyangu, na ukipasuka tumboni hakuna tena la kufanya. Upasuaji huo kwa mbwa mgonjwa ni mgumu na ghali mara kadhaa kuliko ule wa mbwa mzima wa afya.

Kinachochochea tatizo hili mitaani kwetu ni sindano ya majira. Wapo wanaomchoma mbwa jike sindano ya uzazi wa mpango ya binadamu, wakiisifu kwamba ni rahisi na haina kisu. Homoni hiyo ndiyo inayouandaa mfuko wa uzazi kukusanya usaha, na inaongeza uvimbe wa matiti. Ukiuziwa huduma hiyo, kataa.

Ugonjwa wa pili ni ule ambao wafugaji wa machimbo wanaujua kwa macho bila kujua asili yake. Mbwa anatoa damu sehemu za siri, haiishi, na ukiangalia kwa karibu unakuta nyama laini nyekundu iliyochanua, inayomeguka ukiigusa na kuvuja damu upya. Wengi hudhani ni kidonda cha ugomvi. Ni saratani, na ya aina ya ajabu: chembe zenyewe za saratani ndizo zinazohama kutoka mbwa hadi mbwa wakati wa kupandana, ukoo mmoja wa chembe uliotokea kwa mbwa mmoja maelfu ya miaka iliyopita na ukaenea dunia nzima. Inatibika kwa sindano za kila wiki za dawa ile ile inayotumika kwenye wodi za saratani za binadamu, wiki nne hadi sita kwa kawaida, lakini ni nani Mwendakulima au Kakola atamleta mbwa kila wiki kwa dawa ya gharama hiyo? Mbwa asiyepandana haipati kwa njia hiyo. Hapa dume naye ana hoja, maana kuhasiwa kunapunguza kuzurura kwake, kukojolea kila nguzo na kupigania majike, na kuzurura kidogo ni kukutana na lori mara chache.

Kuhusu saratani ya matiti nitasema kwa kujizuia. Tangu utafiti mmoja wa Marekani wa mwaka 1969, madaktari wamekuwa wakirudia kwamba jike akitolewa kizazi kabla ya joto la kwanza hatari inakaribia sifuri. Mapitio ya mwaka 2012 yalizikagua tafiti za namna hiyo na kusema ushahidi ni dhaifu kuliko tulivyozoea kuamini. Naamini kinga ipo. Kiasi chake sitakuapia.

Turudi kwenye ulinzi, maana ndiko watu wanakokwama. Hii ni nchi ya sungusungu. Jeshi hilo la jadi lilianzia maeneo haya haya ya Kahama na jirani zake mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati wizi wa ng'ombe ulipopita kiasi, na mbwa anayebweka kwa wakati ni sehemu ya ulinzi wa boma hadi leo. Hofu ya mzee kwamba mbwa aliyehasiwa atalegea haitokani na ujinga. Lakini mbwa habweki kwa sababu ya mapumbu. Anabweka kwa sababu eneo ni lake na mgeni ni mgeni, na majike hufanya hivyo bila kuwa na mapumbu siku zote. Kinachopungua baada ya kuhasi ni shauku ya kufuata majike na ugomvi wa madume kwa madume. Mbwa anayelala nyumbani usiku wa manane analinda kuliko aliye mtaa wa tatu akisubiri zamu. Anaweza kunenepa, hilo ni kweli, ukimlisha kama zamani. Kaya nyingi za huku hazina chakula cha kumnenepesha mbwa. Na mbwa anayeng'ata kwa woga hatapona kwa kuhasiwa, wengine huzidi.

Kuna watu nitawaambia wasubiri. Kampuni za ulinzi na matajiri wa mjini wanaoleta mbwa wakubwa wa kizungu, jamani shepadi na wenzake, wasikimbilie kuhasi mbwa akiwa na miezi sita. Tafiti za Chuo Kikuu cha California, Davis, zimeonyesha kwamba kwa baadhi ya mbegu kubwa kuhasi kabla ya mwaka kunaongeza matatizo ya viungo. Mbwa hao wapo nyuma ya geti. Waache wakomae wapite mwaka, wengine miaka miwili. Majike wachache pia huanza kuvuja mkojo uzeeni baada ya upasuaji. Mbwa wetu wa kienyeji, wepesi wa mifupa na walio huru mtaani, hawana anasa ya kusubiri: jike afanyiwe karibu na miezi sita, kabla ya joto la kwanza.

Upasuaji wenyewe si siri. Jike ananyimwa chakula tangu jioni. Asubuhi anachomwa dawa ya kumtuliza na ya usingizi, ulimi unavutwa pembeni usije ukamziba koo, tumbo linanyolewa na kuoshwa kwa dawa hadi ngozi ibadilike rangi. Mpasuo ni wa urefu wa kidole, chini ya kitovu. Pembe moja ya mfuko wa uzazi inatafutwa kwa ndoano, inafuatwa hadi juu ambako ovari imejificha ndani ya mafuta karibu na figo, na hapo ndipo jasho linapotoka, kwa sababu kano inayoishikilia lazima ilegezwe kwa vidole bila kuikata mishipa iliyo kando yake. Mafundo mawili, mkasi, unasubiri, unaangalia damu. Upande wa pili vivyo hivyo. Kisha shingo ya mfuko, kisha kushona kwa tabaka. Akiwa bado amelala anachomwa chanjo ya kichaa na kuwekewa alama sikioni ili asije akapasuliwa mara ya pili na daktari mwingine. Mkono uliozoea unamaliza katika muda wa chini ya nusu saa.

Hii si kazi ya koleo la ng'ombe, wala ya wembe. Wapo bado wanaomwingiza mbwa dume kichwa kwenye gunia na kumkata akiwa macho, wakisema ndivyo babu alivyofanya. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtesa mnyama bila sababu, na hapa sababu haipo, dawa zipo. Bwana mifugo wa kata ni mtu muhimu katika kuchanja, kuelimisha na kuorodhesha. Kufungua tumbo aachiwe daktari wa mifugo aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari.

Paka nitawataja kwa kifupi, ingawa wanastahili safu yao. Kahama ni mji wa mpunga, na kila mashine ya kukoboa ina paka wake kwa ajili ya panya. Paka jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne au mitano, na kushika nyingine kabla hajaachisha ya kwanza. Paka aliyetolewa kizazi anawinda vile vile. Wenye maghala wakifanya majike watatu au wanne walionao, kelele za usiku na vitoto vinavyokufa ndani ya magunia vimekwisha.

Swali lililobaki ni nani analipa. Mtu aliyeng'atwa anahitaji dozi kadhaa za chanjo, na pale hospitali inapokosa za bure, kila moja inanunuliwa kwa makumi ya maelfu ya shilingi, nauli na siku za kazi zikiwa juu yake. Familia ya mchimbaji inaweza kumaliza mtaji wa mwezi kwa ng'ato moja. Sheria ya Madini, baada ya marekebisho ya mwaka 2017, inamtaka mwenye leseni kukubaliana na halmashauri kila mwaka juu ya mpango wa uwajibikaji kwa jamii. Fedha hizo hujenga madarasa na zahanati, na zijenge. Lakini wanaoketi meza hizo Kahama, Msalala na Geita waweke fungu dogo, dogo sana kwa viwango vyao, kwa majike wa senta zilizozaliwa na migodi hiyo hiyo. Ukanda wa kiuchumi wa Buzwagi unapopokea viwanda, kila mwekezaji atakuja na walinzi na walinzi watakuja na mbwa. Sharti la kuwachanja mbwa hao, na kutoa kizazi majike pale umri unaporuhusu, liandikwe sasa kabla mageti hayajafunguliwa. Septemba 28, siku ya kichaa cha mbwa duniani, tayari tunapiga mahema na kuchanja. Hema la pili liwekwe pembeni, la majike tu, na vijana wa mwaka wa mwisho kutoka Chuo Kikuu cha Sokoine waje kujifunzia mikono hapa badala ya kuishia kwenye mifano ya darasani.

Ningeanza na mama lishe. Mbwa wa mabandani wanamjua yeye kuliko mwenyekiti wa mtaa. Anajua yupi ana mimba, yupi alikuja na lori lililoharibika, yupi anang'ata. Mpe daftari na kamba, na kwa kila jike atakayemleta halmashauri ilipe upasuaji wote. Usimwombe achangie. Yeye ndiye anayelisha mbwa wasio wake.

Kwa atakayemleta mbwa wake kambini, haya ni ya kushika. Asile tangu jioni, maji ruksa hadi asubuhi. Akirudi nyumbani afungwe mahali pasipo vumbi la makarasha kwa siku kumi, asikimbie, asiogeshwe. Angalia mshono kila asubuhi. Uvimbe mdogo mkavu ni kawaida, usaha au damu mbichi si kawaida, rudi siku hiyo hiyo. Akianza kulamba mshono mvalishe fulana kuukuu, miguu ya mbele itoke mikononi. Na dume aliyehasiwa leo bado ana mbegu kwenye mirija kwa wiki nne hadi sita, kwa hiyo kama jirani ana jike kwenye joto, mfunge.